Amina Iliyomponza Kibii

Kama gazeti lako la wiki jana lilifungiwa mandazi kabla hujalisoma, usijali, nitakufupishia.

Kibii ni dereva wa lori la unga. Anaishi Rhonda, hapa Nakuru, na kazi yake ni kupeleka unga wa Uwanda Millers hadi Olenguruone, kule juu Mau, kisha kurudi na lori tupu. Siku moja lori halikurudi tupu. Ndani alikuwemo ng'ombe mwenye mimba, mali ya Mama Winrose. Na Winrose ndiye msichana ambaye Kibii anataka kumwoa, Mungu akipenda na wazee wakikubali.

Sasa niambie wewe. Mama mkwe mtarajiwa anataka ng'ombe wake afike Njoro kwa dada yake, ambaye ng'ombe wa kwake amekufa na watoto wanakunywa chai ya rangi. Pikapu aliyoingojea imekwama kwenye matope. Lori lako linapita Njoro. Utamwambia sheria za kampuni haziruhusu? Ukimwambia hivyo, anza kutafuta mchumba mwingine ukiwa huko huko njiani.

Kibii alisema ndiyo kabla hata mama hajamaliza kuomba. Alimpakia ng'ombe, akamshusha Njoro, akaliosha lori kwa sabuni hadi likanukia kama nguo za Jumapili. Akadhani mambo yameisha.

Hayakuisha. Nyuma ya kila lori la Uwanda kuna namba ya simu, na juu yake maneno ya kukuomba upige ukiwa na neno kuhusu dereva. Simu yenyewe hukaa mezani kwa Kimeli, msimamizi wa magari. Kimeli akasema mtu amepiga kulalamika kwamba gari la chakula linabeba ng'ombe. Kibii akaambiwa akae nyumbani, kisha afike Alhamisi mbele ya kikao cha nidhamu.

Na Jumamosi, ndugu msomaji, wazee wa Kibii wanapanda Olenguruone kumposa Winrose. Swali la kwanza watakaloulizwa hata wewe unalijua. Kijana wenu anafanya kazi wapi?

Hapo ndipo tulipokuwa. Haya, tuingie kikaoni.

Ngoja, kabla ya kikao kuna jambo moja. Sheria ya kazi inampa mtu anayeitwa kwenye kikao kama hicho ruhusa ya kuja na mfanyakazi mwenzake, yeyote anayemtaka, asimame naye. Kibii akaanza kutafuta wa kusimama naye, na ndipo alipojua ana marafiki wangapi.

Mathenge, anayeendesha lori la Mau Narok, alisema angekuja kwa moyo wote ila jino linamsumbua. Dereva mwingine hakushika simu, kisha akatuma ujumbe kwa simu hiyo hiyo kwamba simu yake imeharibika.

Akabaki Wamalwa wa stoo.

Wamalwa ni mtu mzuri. Babu yake alifanya kazi reli, baba yake akafanya kazi kiwandani, na yeye hupanga magunia Uwanda kuanzia asubuhi hadi jioni bila kunung'unika. Lakini kwa maombi hana breki. Mkutano wowote, uwe wa chama au wa mazishi, kabla mtu hajauliza nani atatuombea, Wamalwa ameshasimama. Ukimwazima kiberiti huomba kwanza.

“Sitakuacha, ndugu yangu,” alimwambia Kibii. “Hata kama umekosa.”

Kibii angefurahi zaidi kama angeishia pale kwenye ndugu yangu. Lakini mwenye shida hachagui sana. Akamkalisha kibandani Rhonda, akamnunulia chai, akampa mpango. Yeye Kibii atajieleza kwa mdomo wake mwenyewe. Atataka kumjua aliyelalamika na alisema nini hasa. Jina la Mama Winrose halitatajwa, liwe liwalo, kwa sababu ni aibu gani kwenda kuposa kwa watu uliowaingiza kwenye kesi.

“Na wewe kaa kimya,” Kibii akamaliza. “Nikitaka uongee, nitakuguza na mguu chini ya meza.”

Wamalwa alikubali yote, akaombea chai.

Alhamisi ikafika. Chumba cha mikutano kiko juu ya kantini, kwa hiyo kikao chote kilinukia maharagwe. Katikati alikaa Madam Sue, mkubwa wa mambo ya wafanyakazi. Kushoto kwake karani na kompyuta yake. Kulia kwake, ameegemea kiti kama mtu aliye sebuleni kwake, Kimeli.

Yule yule aliyemshtaki ndiye anayekaa na hakimu, na hakuna aliyeona ajabu. Kibii akaketi.

Sue si mtu mbaya, niseme ukweli. Alimuuliza Kibii anataka lugha gani, Kibii akasema Kiswahili. Akamuuliza kama amekuja na mtu wake, Kibii akamwonyesha Wamalwa. Akamweleza kosa analoshtakiwa, akamwambia hakuna kitu kitaamuliwa kabla hajasikizwa, ndiyo maana wameitana. Kimeli naye akadakia kwamba yeye hakujua lolote kuhusu ng'ombe mpaka ile simu ya malalamiko, na kwamba ilimsikitisha sana.

Kibii akaanza kupumua. Huenda mambo yatakwenda sawa.

“Basi kabla tuendelee,” Sue akasema, “nani atatuombea?”

Wamalwa alikuwa ameshasimama.

Alianzia mbali. Alishukuru kwa mvua, kwa ngano ya Mau Narok, kwa mashine za kusaga, kwa wakurugenzi na familia zao. Akamwombea Sue baraka. Akamwombea karani mume mwema. Kibii alikuwa amefumba macho, ametulia, akidhani mwisho umefika, Wamalwa aliposhusha sauti, na wewe unajua mtu wa maombi akishusha sauti anaelekea wapi.

“Baba, wewe unajua yote. Ulimwona ndugu yetu Kibii akipandisha huyo ng'ombe kwa lori. Ukamwona akipita Molo, ukamwona akipita Elburgon. Ni kweli alikosea, Baba. Hatukuja hapa kukudanganya.”

Kibii alimkanyaga mguu chini ya meza.

Wamalwa akakumbuka mpango. Mguu umeguswa, aongee. Akapandisha sauti.

“Alijua sheria ya kampuni, Baba, na akaivunja. Ni kwa sababu ya kutaka kuoa. Msamehe, na uguze hawa wakubwa wamhurumie. Na watu wote waseme?”

“Amina,” wakasema watu wote.

Na Kibii pia. Mtoto wa kanisa ni mtoto wa kanisa, mdomo wake ulienda wenyewe kama ng'ombe anayejua njia ya kwenda mtoni. Tena yake ndiyo ilisikika kuliko zote.

Walipofumbua macho, Kimeli alikuwa anatabasamu.

“Andika,” akamwambia karani. “Mshtakiwa amekiri.”

Sue alisita, akasema hayo yalikuwa maombi tu. Kimeli akauliza tangu lini watu wakadanganya mbele ya Mungu. Mtu aliyemleta mwenyewe amesema alikosea, na yeye akaitikia, wote wamesikia. Kikao hufunguliwa kwa maombi, kwa hiyo maombi yamo ndani ya kikao. Karani akaanza kuandika.

Kibii ameshtakiwa, amehukumiwa na amekiri, vyote akiwa amefumba macho. Alimgeukia Wamalwa kwa hasira ambayo hakujua anayo.

“Si umeniguza mwenyewe?” Wamalwa akanong'ona.

Kimeli alikuwa na haraka. Alisema lori limesimama, wateja wa Olenguruone wanalia unga, mtu amekubali kosa, hakuna haja ya kupoteza siku. Sue akashika kalamu. Kibii akaiona ile kalamu, akawaona na wazee wake Jumamosi wakitazama viatu vyao.

“Madam,” akasema. “Mimi bado sijaongea. Mwenzangu ameomba, na nimeitikia maombi. Swali hata moja sijaulizwa.”

“Lakini umeitikia, Kibii,” Sue akasema, na ilionekana hapendi kazi yake siku hiyo.

Hapo Wamalwa akainua mkono, kama mtoto wa shule anayetaka kwenda choo. Hakuna aliyemguza. Kibii alifumba macho akamwomba Mungu, kimoyomoyo safari hii, kwamba kisiwe kipindi cha pili cha maombi.

“Mimi nauliza tu, Madam,” Wamalwa akasema. “Kama maombi yanaandikwa, na yale ya Jumatatu pia yataandikwa?”

Nikueleze. Uwanda Millers kila Jumatatu asubuhi wafanyakazi hukusanyika pale magari yanapopakiwa, wakaimba kidogo, mtu mmoja akaomba, kisha kazi ikaanza. Jumatatu hiyo Kibii alikuwa nyumbani kama alivyoamriwa. Aliyeomba alikuwa Kimeli.

Kuna watu husahau siku za kuzaliwa za watoto wao lakini wakakumbuka kila bao lililofungwa na timu yao. Wamalwa ni hivyo kwa maombi. Akafumba macho na kuyarudia.

“Ulisema hivi, bosi. Tunakushukuru Baba kwa kijana Travis, uliyemleta kuchukua lori la Olenguruone mahali pa yule aliyetuangusha. Mlinde barabarani. Sisi wote tukasema amina. Hata wewe Madam, ulikuwa umesimama karibu na mlango.”

Karani aliacha kuandika.

Sasa hebu tazama mambo ya watu. Alhamisi unamwita mtu umsikize, na Jumatatu ulishamshukuru Mungu kwa yule aliyechukua kazi yake. Unasikiza nini tena? Kibii hakuwa na hasira na Wamalwa tena. Alitamani kumnunulia chai nyingine.

Sue alimgeukia Kimeli polepole, akamuuliza Travis ni nani. Kimeli akasema ni kijana tu, alikuja kujaribu gari wakati lori limesimama.

“Si ulisema wateja wanalia?” Sue akauliza. “Anajaribu gari gani iliyosimama?”

Wamalwa akataka kusaidia, akasema Travis ni mtoto wa dada yake Kimeli. Karani akakohoa, na kile kikohozi kilikuwa cha mtu aliyelijua jambo hilo zamani.

Sue aliona haya, na haya hiyo ikamkasirisha. Alikuwa ameitikia amina ya Jumatatu bila kusikiza, kama tunavyoitikia sisi sote huku tukifikiria chai. Akaamuru yaliyoandikwa yafutwe. Maombi yote yakae nje, ya Jumatatu na ya leo. Kimeli asogeze kiti mbali na kiti chake, aende upande wa pili wa meza. Wanaanza upya.

“Kibii, ongea sasa. Hakuna atakayekukatiza.”

Kibii alijua neno moja baya sasa lingeharibu yote. Akaamua kusema ukweli, lakini kwa kipimo.

“Sikatai, Madam. Ng'ombe alikuwa kwa lori. Lori lilikuwa tupu na niliosha. Lakini nimeambiwa kuna mtu alilalamika. Nataka nimsikie. Kama kuna kitu nilimfanyia, nimuombe msamaha.”

Kimeli alisema hakuna haja. Mtu ni wa mbali, mtandao wa kule ni mbaya, na isitoshe ile simu haina chaji. Alisema sababu tatu mahali ambapo moja ingetosha, na Sue akaliona hilo. Akamtuma karani akailete.

Simu ilikuja na chaji tele.

Karani akatafuta namba iliyopiga siku baada ya safari ile. Sue akabonyeza, akaweka simu katikati ya meza, sauti juu. Badala ya mlio ukaimba wimbo wa kwaya, wakaungoja hadi kibwagizo.

“Haloo? Ni nani?”

Moyo wa Kibii ulitua pale pale penye maharagwe, chini kantini. Ilikuwa sauti ya Mama Winrose.

Sue akajitambulisha, akasema anapiga kuhusu malalamiko yake.

“Malalamiko gani, mama? Mimi nilipiga kushukuru. Hiyo namba si iko nyuma ya lori? Nikasema hawa watu wa unga wako na kijana mzuri, ni lazima waambiwe. Ng'ombe wangu alifika Njoro vizuri kabisa. Hata amezaa, ndama jike.”

“Kwa hivyo hukulalamika?”

“Nilalamike nini na watoto wanakunywa maziwa?”

Sue akamtazama Kimeli. Kimeli akatazama dari, na pale juu hapakuwa na kitu.

Kibii alitaka kucheka na alitaka kupotea, vyote pamoja. Kesi nzima ilijengwa juu ya asante. Kama simu ingekatwa hapo hapo, pengine angetoka na kazi yake, na Mama Winrose asingejua kamwe kwamba mkwe wake mtarajiwa alikalishwa kitini namna hii. Sue akanyoosha kidole akate. Kata, Kibii akasema moyoni. Kata, Madam.

“Ngoja kwanza,” sauti ikasema. “Mbona mnauliza? Kijana ako na shida?”

Sue alisema ni mambo ya ofisi tu. Kimeli naye, kwa sauti ya chini, akamnong'oneza kwamba awe ameshukuriwa au la, ng'ombe alibebwa, na mtu amekubali mwenyewe kwa mdomo wake, bila maombi. Sue akashika kalamu tena. Kibii akamwona anafikiri, na akajua kwamba hapo Kimeli ana haki. Asante haifuti sheria ya gari la chakula.

“Kibii,” sauti ikaita. “Uko hapo?”

Angenyamaza ingekwisha. Lakini kuna watu wakikuita huwezi kunyamaza, na mama wa msichana unayempenda ni wa kwanza wao.

“Niko, mama.”

“Wanakufukuza kazi?”

“Wananisikiza kwanza, mama. Ni mambo ya ng'ombe.”

Huko Olenguruone kuku alilia, kisha mlango ukafungwa.

“Kwa nini hukuniambia?”

“Niliogopa, mama. Jumamosi iko karibu.”

Ndiyo hivyo. Alichokuwa amekificha wiki nzima amekisema mbele ya bosi, karani, adui yake na mtu wa maombi. Aliona aibu, uso ukamwaka. Lakini ndani alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua gunia.

“Ya Jumamosi tutaongea Jumamosi,” Mama Winrose akasema, na Kibii hakuweza kujua hiyo ilikuwa sauti ya hasira au ya nini. “Sasa Madam, kama mnasikiza watu, nisikizeni na mimi. Mimi siwezi kuweka ng'ombe kwa gari ya wenyewe bila kuuliza. Kibii alikuwa anashusha unga kwa duka. Nikasoma hiyo namba, nikapiga. Mwanaume akashika. Nikamwambia niko na ng'ombe wa kwenda Njoro, gari yenu inarudi bure, naweza pakia? Akasema pakia tu, mama, hakuna neno.”

Kibii hakujua. Siku ile alikubali upesi mno hata mama hakupata nafasi ya kumwambia kwamba ruhusa ilikuwa imeshatoka.

Sue akauliza, taratibu sana, kama huyo mwanaume alisema jina lake.

“Hakusema.”

Kimeli akasimama. Kiti kikakwaruza sakafu.

“Madam, mimi naenda kuangalia gari pale geti,” akasema. “Mtanipata huko.”

“Huyo,” simu ikasema.

Kimeli alikuwa ameshafika mlangoni, mkono kwenye kitasa.

“Huyo aliyeongea sasa hivi. Hiyo ndiyo sauti. Hebu mwambieni aongee tena.”

Karani aliziba mdomo kwa mkono. Wamalwa alikuwa ameshafumba macho. Kibii alishika ukingo wa meza, kwa sababu kazi yake, na Winrose, na safari ya wazee, vyote vilikuwa vimesimama pale mlangoni na mtu asiyemtakia mema.

“Kimeli, rudi uketi,” Sue akasema. “Ni zamu yako kusikizwa.”

Kimeli aligeuka, akafungua mdomo ajibu. Akaiona simu pale mezani, ingali hewani, inangoja. Akaufunga.